Marafiki Waliorudi na Gari

Kwa wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, usihangaike kulitafuta. Limeshafungia maandazi. Sikiliza kwa ufupi.

Mwalimu Didas ni mtu wa Mbinga aliyepangiwa kazi Makere, anafundisha jiografia. Alikuwa na gari, injini ikaungua, gari likauzwa vipandevipande. Lilipoondoka likaondoka na watu. Watumishi wenzake wa Kasulu mjini, ambao kila Jumamosi aliwabeba kwenda kula mbuzi Buhigwe, waliacha kumpigia simu. Baadaye wakamtoa kwenye kundi lao la WhatsApp. Hakuna aliyegombana naye. Walimsahau tu, na hilo ndilo lililomuuma.

Kipindi chote hicho aliyemjali ni mmoja: Mulenda, mkimbizi kutoka Kongo, muuza mitumba wa karibu na kambi ya Nyarugusu. Alimkalisha kwenye benchi lake, akacheza naye drafti, akamwibia kete mchana kweupe na kuapa kwamba hajaiba. Mkewe, Jeanne, akiwaletea sombe, kisamvu cha kwao, kwenye sufuria, sahani zilikuwa mbili, ya Mulenda na ya Didas.

Kisha malimbikizo ya mshahara yakatoka na Didas akanunua Probox. Jeanne aliiwekea mikono kwenye boneti, akaiombea hadi jua likawachoma wote utosini. Mulenda alifurahi kuliko mwenye gari.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa tuone jinsi mtu mzima anavyojivua nguo kwa mikono yake mwenyewe.

*

Jumamosi ya kwanza Didas alilipeleka gari Kasulu mjini, akaliegesha mahali ambapo lazima lionekane. Halikukaa sana kabla ya kuonekana.

"Didas! Ni wewe?" Huyo alikuwa Josepha, muuguzi, na ndiye msimamizi wa lile kundi la WhatsApp. "Jamani, ulipotelea wapi?"

Ungetegemea aseme, sikupotea, nilikuwa Makere, mwendo wa bodaboda tu kutoka hapa. Hakusema.

"Nilikuwa masomoni," akajibu. "Shahada ya uzamili."

"Ndiyo maana! Na sisi tunasema mwalimu ametutupa."

Jioni hiyo hiyo alirudishwa kundini. Makopa yakamiminika, na vicheko, na "karibu tena nyumbani". Wale wale waliomtoa ndio waliomkaribisha, na yeye akawajibu mmoja mmoja kwa majina.

Simu iliyokuwa ya kuangalizia saa ikaanza kupata moto. Kipaimara cha mtoto wa fulani, Mwalimu usikose. Msiba Titye, Mwalimu unapita na nani? Sendoff, arobaini, mbuzi wa Buhigwe. Alikalishwa meza za mbele. Alichaguliwa kwenye kamati. Watu waliosahau hata jina lake sasa walikumbuka kwamba anapenda figo.

Je, hakujua kwamba wanalipenda gari? Alijua. Si mjinga. Lakini mtu aliyekula ugali peke yake kwa muda mrefu hivyo, akiwekewa nyama haulizi imetoka wapi.

Na benchi la Mulenda? Wiki za mwanzo alipita akipiga honi. Baadaye, akiwa na watu ndani ya gari, akaacha na honi.

*

Wiki hii ndipo heshima kubwa ilipomjia. Mzee Majaliwa, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu ya Kasulu imepita mikononi mwake, alimfuata mwenyewe.

"Kijana wangu, mwanangu Nurudini anamposa binti wa Kibondo, Shadia. Nataka gari lako litupeleke."

"Hamna shida, mzee."

"Sikiliza vizuri. Sikuiti dereva. Utaingia ndani, utakaa upande wetu. Wakwe wakiuliza hawa ni nani, nitasema ni watu wangu."

Kwa mtu wa kuja, aliyeletwa na barua ya uhamisho, kukalishwa kwenye posa ya Waha si jambo dogo. Ni kuambiwa wewe si mgeni tena. Didas alikwenda nyumbani akapiga pasi suti yake ya kaunda, akairudia tena.

Asubuhi ya safari, akiwa anafuta vioo, simu ikaita. Mulenda.

"Yaya Didas!" Kwao yaya ni kaka. "Nasikia leo unakwenda Kibondo."

"Nani kakwambia?"

"Makere yote inajua. Sikia, ndugu yangu. Sophie, dada yangu mudogo, ule aliolewa na Murundi wa kambi ya Nduta, wamemulaza ku hospitali ya Kibondo. Watamupasua. Bwana yake hayuko. Hana mutu, ni miye peke. Unibebe, tafazali."

Didas aliwaza wenzake wa safari. Alimwona Josepha akilini. Alimwona Abbasi wa ofisi ya mipango, mtu wa masihara asiyeacha kitu kipite. Akamwona Mulenda katikati yao, na kinywa kile, akiwasimulia miaka ya drafti na sombe. Masomo ya uzamili yangeishia hapo hapo.

"Gari limejaa, Mulenda."

"Ata nafasi moja? Na juu ya makaratasi usiogope, miye niko na..."

"Nina haraka. Tutaongea."

Akakata simu. Nafasi moja ilikuwepo, na alijua ipo.

*

Walitoka Kasulu jua limeshapanda. Mzee Majaliwa mbele, kofia magotini. Nyuma Josepha na Abbasi, na kitenge cha mama mkwe, na jembe jipya lisilo na mpini ambalo mzee alisema bila hilo harudi ukweni. Kicheko kilikuwa kingi. Didas alijisikia mtu kati ya watu.

Walipokaribia njia ya kuingilia kambini alimwona kwa mbali. Koti la kahawia, mfuko begani. Mulenda alisimama kando ya lami, na alipoitambua Probox akaanza kupunga mikono yote miwili.

Didas akakanyaga mafuta.

"Punguza," alisema Mzee Majaliwa. "Kuna mtu anatupungia."

"Mzee, tutachelewa."

"Safari ya posa mimi sipiti mtu barabarani. Nikimwacha wa njiani, nitaombaje mtoto wa mtu? Simama. Unamfahamu?"

Abbasi akacheka nyuma. "Atamfahamia wapi? Kaona Probox, kadhani mchomoko!"

Kama mjuavyo, Probox huku kwetu ndiyo mchomoko, ndizo zinazookota abiria tangu Kasulu hadi Kibondo. Abbasi alikuwa amemfungulia Didas mlango bila kujua, na Didas akapita.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Hawa wakiona Probox wanapunga tu."

Akasimama. Mulenda akaja mbio, uso wote meno, akafungua mlango wa nyuma. "Yaya Di..."

"Panda, mzee," Didas alimkata, akimkazia macho kwenye kioo. "Unakwenda wapi?"

Mulenda alibaki na mguu mmoja ndani, mmoja nje. Aliwatazama wale wenye nguo za sherehe. Akamtazama Didas kwenye kioo. Meno yakafichwa taratibu.

"Kibondo, shefu," akasema. "Kama muko na nafasi."

"Mwakeye," mzee alimsalimu kwa Kiha akigeuka.

"Mwakeye, mzee. Mungu awabariki."

Akakaa pembeni kabisa, mfuko mapajani, akijibana asiukunje mtandio wa Josepha. Hakumwangalia tena Didas. Gari likaondoka.

Mzee Majaliwa hajui kukaa na mtu bila kumuuliza habari za kwao. Akauliza. Mulenda akajibu, ana mke anaitwa Jeanne, anauza nguo, dada yake amelazwa. Kila alipofungua kinywa, jasho lilimshuka Didas ndani ya suti.

"Pole sana," alisema Josepha. "Bahati yako umempata mwalimu wetu. Ana roho nzuri huyu. Ndiyo kwanza amerudi, alikuwa masomoni miaka yote hii."

Mulenda akamgeukia.

"Ah bon? Kweli?" alisema Mulenda. "Masomoni?"

"Uzamili," alisema Abbasi. "Mambo makubwa."

Hapa sasa ndipo ninapoumbuka, Didas alijiambia. Hapa.

"Masomo ni mazito, mama," Mulenda alisema polepole. "Yanakondeshaka mutu. Uyu anaonekana alisoma sana."

Wakacheka wote. Didas naye akacheka. Yule mtu amenyimwa kiti kwa simu, amekanwa mlangoni, na bado anamfunikia uongo wake mbele za watu. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akasema moyoni, tukifika nitamvuta pembeni nimwombe radhi. Tukifika.

*

Walikuwa wameshaingia upande wa Kibondo, huko Busunzu, askari wa barabarani waliposimamisha gari. Sajenti mmoja wa kike akaja dirishani. Leseni safi. Bima safi. Akainama kuchungulia.

"Mmependeza! Mnaelekea wapi?"

"Posa, mwanangu," alisema Mzee Majaliwa.

"Hongereni. Na huyu baba wa pembeni naye anaposa?"

"Hapana, shefu," alisema Mulenda. "Miye nakwenda kuona dada yangu ku hospitali."

Sajenti aliisikia ile lafudhi. Hakukasirika wala hakucheka.

"Unatoka kambini?"

"Ndiyo, shefu."

"Dereva, huyu ni nani wako?"

Swali lenyewe ni jepesi. Mtoto angelijibu. Lakini Didas alishasikia habari za watu waliobeba wakimbizi wasio na kibali, magari yao yakashikiliwa. Aliiona Probox yake kituoni, majani yameota kwenye matairi. Aliona simu imenyamaza tena. Alijiona kwenye ugali wake peke yake, na safari hii hata benchi hana.

"Simjui, afande."

"Humjui?"

"Simjui kabisa. Ni abiria tu, katupungia njiani. Kama hana kibali mshusheni hapa hapa. Mimi msinihusishe naye."

Msomaji, maneno hayo ya mwisho hakuna aliyemwomba. Aliyatoa bure.

Mulenda aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kifuko cha nailoni, na ndani yake karatasi. Sajenti aliisoma yote, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kibali chako kiko sawa, baba. Pole na mgonjwa."

Ndicho alichotaka kukisema kwenye simu asubuhi, na Didas akakata.

Didas aliona sasa wataruhusiwa. Akashika ufunguo. Lakini sajenti alizunguka mbele ya gari, akatazama namba, akarudi.

"Dereva, umesema huyu ni nani?"

"Abi..."

"Abiria. Namba ya njano, gari binafsi, unaokota abiria barabarani. Huu ni mchomoko au ni gari la posa?"

"Afande, ulikuwa msaada tu."

"Msaada? Mtu unayemsaidia ndiye unayesema ashushwe porini?" Akawageukia wengine. "Na nyinyi? Nao ni abiria?"

"Mimi?" Mzee Majaliwa alivaa kofia yake. "Mimi, abiria?"

Abbasi, safari hii, hakuwa na utani wowote.

"Mzee wangu, sitaki kuwaharibia siku," alisema sajenti. "Kumpa lifti mtu mnayejuana sina ugomvi nalo. Kupakia abiria bila leseni ya abiria ni kosa, na gari hili linalala kituoni. Dereva wako ndiye aliyesema abiria, si mimi."

"Watu wanatusubiri Kibondo," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Chakula kimepikwa. Posa ikichelewa hivi tunaonekana tumewadharau. Mwanangu atanyimwa mke."

Josepha akamgusa Didas begani. "Mwalimu, si useme kitu?"

Aseme nini? Akisema anamjua, amewadanganya askari na amewadanganya wao. Akisema hamjui, gari linakwenda, na posa ya Nurudini inakwenda nalo, na jina lake litatajwa kwenye kila msiba wa Kasulu. Suti ilikuwa imemganda mgongoni.

"Basi tumuulize huyu baba," alisema sajenti. "Yeye ndiye pekee hapa asiye na sababu ya kunidanganya."

Mulenda alikuwa ameshashuka, mfuko begani.

"Baba, unamjua huyu dereva?"

Wote wakamgeukia. Neno "ndiyo" moja tu lingewaondoa pale. Didas alimtazama kwa macho ya kuombaomba, macho ambayo mwanamume hapendi kujiona nayo. Alitegemea hasira, na hasira angeielewa. Hakuiona. Mulenda alimtazama kama mtu anayetazama nguo aliyoiuza zamani, ikipita imevaliwa na mwingine.

"Nilikuwa namujua, shefu," akasema. "Wakati ule hakuwa na gari."

Ndani ya gari Josepha aliondoa mkono wake begani kwa Didas.

Mulenda alimshukuru Mzee Majaliwa kwa nafasi, akamwinamia kidogo sajenti, akaanza kutembea kando ya lami kuelekea Kibondo. Hakuharakisha, wala hakugeuka.

"Haya, mwalimu," alisema sajenti. "Nakuuliza mara ya mwisho. Yule ni nani wako?"

Mzee Majaliwa alikuwa ametazama mbele, hakumwangalia Didas. "Kama unamjua," akasema, "mwite. Na umwite kwa jina lake, tusikie."

Didas akafungua mlango akashuka. Koti la kahawia lilikuwa linakaribia kona. Alivuta pumzi, akapanua kinywa mbele ya watu wote waliorudi na gari, amwite mtu aliyekuwepo kabla ya gari.

Sauti ikagoma. Kama ilirudi, utasoma Jumamosi ijayo.